GoldenEye 007: Mchezo uliochelewa kuliko filamu yake ukatia fora

FILAMU ivumapo, wafanyabiashara huharakisha kuuza kila kitu chenye jina lake, kuanzia fulana na vikaragosi hadi michezo ya video. Hesabu yao ni sahili: mnunuzi hufuata jina, wala haulizi ubora wa bidhaa. Ndiposa michezo mingi iliyotokana na filamu ikawa duni.

Mfano utajwao mno ni mchezo wa E.T., uliotokana na filamu ya Steven Spielberg ya mwaka wa 1982. Kampuni ya Atari ilimpa mwundaji wake, Howard Scott Warshaw, takriban majuma matano pekee ili kaseti ziwahi Krismasi. Wanunuzi wengi hawakuridhika. Mwaka wa 1983, shehena ya kaseti za Atari, zikiwemo za mchezo huo, ilifukiwa katika jaa la taka la Alamogordo, jimbo la New Mexico, Marekani. Baadhi yake zilifukuliwa mwaka wa 2014.

Mchezo wa GoldenEye 007 ulifuata njia tofauti. Filamu ya GoldenEye, ambamo Pierce Brosnan aliigiza kwa mara ya kwanza kama jasusi James Bond, ilitoka Novemba 1995. Mchezo wenyewe, uliotengenezewa mtambo wa Nintendo 64, ulifika madukani Agosti 1997, miezi michache tu kabla ya filamu nyingine ya Bond kutolewa. Kibiashara, huko kulikuwa kuukosa msimu.

Je, ni nini kilichouchelewesha? Kampuni ya Rare, yenye makao katika kijiji cha Twycross, Uingereza, ilimkabidhi kazi hiyo Martin Hollis na kikundi kidogo cha watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuunda mchezo wowote. Isitoshe, walianza kabla ya mtambo wa Nintendo kukamilika, hivyo walilazimika kukisia uwezo wake. Hata hivyo, waliruhusiwa kuzuru mahali filamu ilipokuwa ikipigwa, wakapata picha na michoro ya majengo yaliyotumika.

Muda huo haukupotea bure. Awali ilikusudiwa mchezaji apelekwe kwenye njia moja iliyopangwa, kazi yake ikiwa kulenga shabaha na kufyatua risasi tu. Wazo hilo liliachwa, naye akapewa uhuru wa kutembea atakako. Majengo yalichorwa kwanza, kisha walinzi na majukumu yakatiwa ndani yake. Ndiyo maana mna vyumba visivyo na kazi maalumu, kama ilivyo katika jengo halisi. Mlio wa bunduki huwazindua walinzi walio karibu, kwa hivyo mchezaji anayenyemelea kijasusi hufaidika kuliko anayekurupuka. Aidha, anayechagua kiwango kigumu huongezewa majukumu, mbali na kukabili maadui wakali zaidi.

Sehemu iliyopendwa mno, ambapo watu wanne hupambana mbele ya runinga moja, kila mmoja akiwa na robo yake ya kioo, haikuwamo katika mpango wa mwanzo. Iliongezwa katika miezi ya mwisho na mtaalamu wa programu Steve Ellis. Lau mchezo ungalitolewa pamoja na filamu, sehemu hiyo isingalikuwepo.

Matokeo yalidhihirisha kwamba mvumilivu hula mbivu. Ziliuzwa zaidi ya nakala milioni 8, na michezo ya kufyatua risasi kwenye mitambo ya nyumbani ikapata kielelezo cha kuigwa.

Lakini jina la kuazima lina gharama yake. Mwaka wa 2002, Microsoft iliinunua kampuni ya Rare. Kuanzia hapo, kuutoa mchezo huo upya kulihitaji maafikiano baina ya Microsoft, Nintendo na wamiliki wa haki za James Bond. Kwa miaka mingi, aliyetaka kuucheza kihalali alilazimika kutafuta kaseti kuukuu pamoja na mtambo wake. Ulirejea rasmi kwenye mitambo ya Nintendo na Microsoft mnamo Januari 2023, zaidi ya miaka 25 baada ya kutoka. Jina lilelile lililowavutia wanunuzi wa kwanza ndilo lililowafungia mlango waliokuja baadaye.