Soya: Faida ya mkulima mdogo hupimwa kwa gharama ya kila kilo

KWA miaka mingi, wakulima wadogo wa magharibi mwa Kenya wamehimizwa kupanda soya. Wameelezwa kuwa viwanda vya mafuta ya kupikia na vya lishe ya mifugo vinaihitaji, na kwamba zao hilo hurutubisha udongo. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, wapo walioijaribu kwa msimu mmoja au miwili kisha wakarejelea mahindi, wakidai kuwa soya haina faida.

Nao pia hawakusema uongo. Katika kijiji kimoja, mkulima mmoja huambulia patupu huku jirani yake, mwenye udongo na mvua ile ile, akipata karo ya watoto. Tofauti kati ya wawili hao ndiyo wataalamu wa uchumi wa kilimo huiita ufanisi, na ndiyo inayostahili kueleweka kabla ya mtu kuamua kuitengea soya sehemu ya shamba lake.

Kenya huvuna maelfu machache tu ya tani za soya kwa mwaka na kuagiza sehemu kubwa ya mahitaji yake kutoka nchi kama vile Uganda, Tanzania, Zambia na Malawi. Kwa sababu hiyo, bei anayopewa mkulima wa Butere, Bungoma, Busia au Migori hufuata bei ya shehena hizo. Mkulima wa ekari moja hana uwezo wa kuibadilisha. Alicho na uwezo nacho ni gharama ya kuzalisha kila kilo.

AINA TATU ZA UFANISI

Msomi wa uchumi wa Uingereza, Michael Farrell, alieleza katika mwaka wa 1957 jinsi ufanisi unavyoweza kupimwa. Aliwatazama wazalishaji wanaotumia raslimali zinazofanana, akawateua wanaopata mavuno mengi zaidi, kisha akauliza: wengine wako nyuma yao kwa kiasi gani?

Kipimo cha kwanza ni ufanisi wa kiufundi, yaani kupata mavuno mengi iwezekanavyo kutokana na mbegu, mbolea na nguvukazi uliyo nayo. Cha pili ni ufanisi wa mgao, yaani kutumia pembejeo kwa uwiano unaolingana na bei zake. Anayenunua mbolea ya bei ghali isiyohitajika shambani huenda akavuna vizuri na bado akapata hasara. Vyote viwili vikiungana, huzaa ufanisi wa kiuchumi.

Isifikiriwe kwamba mkulima maskini ni mzembe. Mwaka wa 1964, mwanauchumi wa Marekani Theodore Schultz, ambaye baadaye alituzwa Nobeli mwaka wa 1979, alitoa hoja kwamba wakulima wa jadi hutumia vyema kile walicho nacho, na kwamba kinachowakwamisha ni ukosefu wa maarifa na pembejeo mpya. Hoja hiyo inaafiki zaidi kwa soya. Mahindi mkulima ameyajua tangu utotoni. Soya ina masharti yake, na hakuna aliyemrithisha.

HESABU YA MAJIRANI WAWILI

Tuchukue mfano wa majirani wawili, kila mmoja akiwa na ekari moja ya soya. Takwimu hizi ni za kueleza hesabu tu. Msomaji aziondoe na kuweka za kwake.

Wa kwanza anatumia mbegu alizobakisha, zenye thamani ya Sh1,750, na hatumii mbolea. Kulima kunamgharimu Sh5,000. Yeye na jamaa zake wanafanya kazi siku 40, na tukizikadiria kwa Sh350 kwa siku, hiyo ni Sh14,000. Jumla ni Sh20,750. Anavuna kilo 350.

Wa pili pia analima kwa Sh5,000. Ananunua mbegu zilizoidhinishwa kwa Sh5,000, bakteria wa kupaka mbegu kwa Sh600 na mbolea kwa Sh4,000. Kazi inachukua siku 48, ambazo ni Sh16,800, na magunia pamoja na usafiri Sh1,000. Jumla ni Sh32,400. Anavuna kilo 700.

Ukitazama fedha zilizotoka mfukoni pekee, wa kwanza ndiye aliyebana matumizi. Lakini gawa gharama kwa kilo: yeye ametumia takriban Sh59 kwa kila kilo, ilhali jirani yake ametumia takriban Sh46. Bei ikiwa Sh70, wa kwanza anabaki na Sh3,750 na wa pili Sh16,600. Bei ikishuka hadi Sh50, kama inavyoweza kutokea msimu wa mavuno, wa kwanza anapata hasara ya Sh3,250 na wa pili bado ana faida ya Sh2,600.

Kwa hivyo, ufanisi ni kinga dhidi ya bei mbaya.

Kuna funzo lingine. Mkulima wa kwanza asipohesabu mbegu zake wala siku 40 za kazi, ataamini kuwa amepata faida ya Sh19,500. Siku hizo mara nyingi ni za mama na watoto, na kwa kuwa hawalipwi, hudhaniwa kuwa hazina gharama. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho nalo hupotea vivyo hivyo.

PENGO HUTOKEA WAPI?

Kwanza ni mbegu. Soya hupoteza uwezo wa kuota upesi kuliko mahindi au maharagwe ya kawaida. Mbegu iliyokaa ghalani kwa muda mrefu huacha mapengo shambani, na mkulima hulima na kupalilia ardhi isiyo na mmea. Tiba ni rahisi: hesabu mbegu 100, zioteshe kwenye kitambaa chenye unyevu, na uone ni ngapi zitachipuka kabla ya kupanda.

Pili ni bakteria. Soya hujitengenezea nitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake. Baadhi ya aina, kama vile SB19 iliyotokana na mbegu za TGx za taasisi ya IITA nchini Nigeria, huweza kushirikiana na bakteria waliomo tayari katika udongo wa Afrika. Hata hivyo, kupaka mbegu bakteria maalumu huongeza uhakika. Hapa nchini wanauzwa kwa jina la Biofix, bidhaa iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Bakteria hao ni viumbe hai. Pakiti ikianikwa juani dukani, au mbegu zilizopakwa zikiachwa juani, fedha zimepotea.

Soya inapotoa maua, ng'oa mche mmoja na upasue kinundu. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, mmea haupati nitrojeni ya kutosha kutoka hapo.

Tatu ni mbolea. Kwa kuwa soya hujipatia nitrojeni, kuinunulia mbolea yenye nitrojeni nyingi ni kosa la mgao. Kinachohitajika zaidi ni fosforasi, na pale udongo ulipo na asidi kali, kama ilivyo katika sehemu nyingi za magharibi, chokaa. Upimaji wa udongo humwepusha mkulima na kubahatisha.

Nne ni wakati. Magugu yakiachwa katika wiki za mwanzo, hakuna mbolea itakayofidia. Vilevile, maganda yaliyokauka hupasuka na kumwaga punje chini, kwa hivyo wiki moja ya kuchelewa kuvuna inaweza kumeza kazi ya miezi mitatu.

RUTUBA NA SOKO

Faida nyingine haionekani kwenye risiti. Mahindi yanayofuata soya mara nyingi hustawi zaidi, na baadhi ya aina za soya huchochea mbegu za gugu la striga, ambalo wakazi wa Nyanza huliita kayongo, kuota na kufa kwa kukosa mmea wa kunyonya. Lakini tahadhari inahitajika: sehemu kubwa ya nitrojeni huondoka na punje. Anayeng'oa mimea yote na kuchoma mabua yake asitarajie rutuba. Afadhali kukata shina na kuiacha mizizi, kisha kurudisha mabaki shambani.

Kuhusu soko, kiwanda hakiwezi kutuma lori kuchukua gunia tatu. Dalali huziba pengo hilo na kujilipa kutokana na bei ya mkulima. Wakulima wanaokusanya mazao yao pamoja, yakiwa makavu na safi, hugawana gharama ya usafiri na kupata sauti wanapojadiliana. Nyumbani nako, soya yenye takriban asilimia 40 ya protini hufaa unga wa uji, mradi ipikwe au ikaangwe. Punje mbichi huzuia mmeng'enyo wa chakula, kwa watu na kwa kuku.

Mwenye ekari moja hana haja ya kuitoa yote. Robo ekari yenye mbegu nzuri, palizi ya mapema na daftari la gharama itamweleza katika msimu mmoja kama soya inamfaa. Akishajua kila kilo imemgharimu shilingi ngapi, atamsikiliza dalali akitaja bei na kujua papo hapo kama auze au asubiri.