Nukta katika Mchoro wa Sakiti: Alama za Umeme kwenye Kioo cha Kompyuta

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi alama za sakiti, yaani njia ya mkondo wa umeme, zinavyoingizwa katika programu za kompyuta, na kwa nini jambo hilo linamhusu mwanaisimu. Mchoro wa sakiti ni maandishi: una alama zake, sarufi yake, na hata lahaja zake.

Tuanze na lahaja. Kikinza, yaani kifaa kipunguzacho mkondo, huchorwa kwa namna mbili. Kanuni ya Marekani ya IEEE 315 ya mwaka 1975 hukichora kwa mstari wa mapindi makali. Kanuni ya kimataifa ya IEC 60617 hukichora kwa mstatili mtupu. Programu ya KiCad, aliyoianzisha Jean-Pierre Charras nchini Ufaransa mwaka 1992, imehifadhi zote mbili: mstatili umeitwa R na mapindi yameitwa R_US. Ndivyo kamusi nzuri inavyotaja neno sanifu bila kulitupa la lahaja.

Lililo zito zaidi ni nukta. Nyaya mbili zikipishana bila nukta hazikuungana. Penye nukta zimeungana. Aliyezoea hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu halimshangazi hilo: nukta moja chini ni be, mbili juu ni te. Mnakili akisahau nukta, neno hugeuka. Fundi asipoiona, kifaa huweza kuungua.

Hatari huzidi kwenye kioo. Programu hukumbuka ni ncha zipi zilizoungana, lakini binadamu husoma kinachoonekana tu. Mchoro ukipunguzwa, nukta humezwa, na jicho husoma sakiti nyingine kabisa.

Mafundi wana tiba mbili. Kwanza, hawakutanishi nyaya nne mahali pamoja. Tawi la juu na la chini hutenganishwa kidogo, kila moja likaishia kwenye waya mkuu kwa umbo la T. Hapo muungano husomeka hata nukta ikipotea, maana penye kupishana tu hakuna waya unaokomea. Pili, kikinza cha omu 4,700, yaani kiloomu 4.7, huandikwa 4K7 kwa mujibu wa kanuni ya IEC 60062. Herufi hukalia nafasi ya nukta, kwani nukta ikifutika, 4.7 husomeka 47, na thamani huwa imezidishwa mara kumi.

Funzo lililopo ni kwamba maana isitegemezwe juu ya alama moja dhaifu. Lugha yetu yalijua hilo zamani. Tusemapo "kitabu kizuri kimepotea", ki- hutajwa mara tatu. Moja isiposikika, mbili zilizosalia hutosha kuonyesha ngeli. Mbunifu wa programu naye hana budi kuupa kila muungano shahidi wa pili.