Feni ya Gari Izimikayo Ovyo: Mhalifu Akamatwe Akitenda

Dereva wa jeshi au wa polisi atokaye Kabale kwenda Kisoro usiku wa mvua anajua jinsi kioo cha mbele kinavyoweza kumgeuka na kuwa adui. Mji wa Kabale uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na barabara hiyo inazidi kupanda milimani, penye baridi na ukungu. Ndani ya gari wamo askari. Pumzi zao na makoti yaliyolowa hutoa mvuke, nao mvuke ukigusa kioo baridi hugeuka matone. Feni ya hita ikipuliza, kioo hutakata. Feni ikizimika kwenye kona, dereva huendesha kwa kukisia, hali maisha ya wenzake yamo mikononi mwake.

Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba kiyoyozi ni anasa ya wakubwa wamekosea. Kiyoyozi hukausha hewa, ndiyo maana dereva mjuzi hukiwasha pamoja na hita ili kuondoa ukungu kiooni. Lakini katika magari mengi hita na kiyoyozi hutumia feni moja, na feni hiyo ikigoma, vyote viwili havina faida.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba huja na kuondoka. Gari linaletwa karakana, fundi anawasha feni, nayo inazunguka kama kwamba haijapata kuugua. Gari linarudi kazini, na kabla ya kufika mbali feni inazimika tena. Fundi asiye na subira hubadili mota leo, kesho swichi, keshokutwa rilei, na mali ya umma inateketea bila kosa kuonekana. Siku za mwizi ni arobaini, lakini hakamatwi kwa kudhaniwa. Polisi hutafuta ushahidi. Fundi naye na apime wakati ule feni imezimika, si wakati inazunguka.

Shahidi wa kwanza ni dereva. Aulizwe: je, mlio wa feni ulikoma, au mlio uliendelea na upepo tu ndio uliopungua? Ikiwa mlio uliendelea, mota isilaumiwe. Huenda chujio la hewa limejaa vumbi na majani, au kiyoyozi kimegandisha barafu ndani yake baada ya safari ndefu. Barafu hiyo huziba njia ya upepo, na gari likipumzika huyeyuka, kisha upepo hurudi wenyewe.

Aulizwe tena: je, feni iligoma katika kasi zote? Ikiwa inazunguka katika kasi ya juu peke yake, na kasi za chini zimekufa, mtuhumiwa mkuu ni rezista, kile kifaa kinachopunguza nguvu ya umeme. Katika kasi ya juu umeme haupiti humo. Ikiwa feni hugoma gari linaporuka mashimo, itafutwe plagi iliyolegea au waya uliokatika ndani ya ngozi yake. Ikiwa hugoma baada ya kuwaka muda mrefu, ishukiwe sehemu inayopata moto: rilei, swichi, au mota yenyewe.

Sasa fundi achukue mita ya volti. Feni ikiwa imezimika, swichi iwekwe katika kasi ya juu, na plagi ya mota isichomolewe. Jambo hili la mwisho wengi hulisahau. Kiungo kibovu kikipimwa bila mzigo huweza kuonyesha volti 12 kamili, lakini mota ikiunganishwa volti hizo hutoweka.

Apime kati ya nyaya mbili za mota. Akipata volti kamili za betri na mota haizunguki, mota ndiyo yenye hatia. Aigonge polepole kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, yaelekea brashi zake za kaboni zimekwisha. Akikosa volti, apime kati ya waya wa moto wa mota na ncha hasi ya betri. Volti zikikosekana hata hapo, kosa liko katika njia ya kuleta umeme: fyuzi, rilei, au viungo vyao. Zikipatikana, kosa liko katika njia ya kurudi. Hapo achunguze waya wa ethi. Na katika magari mengi yaliyotengenezwa Japani, swichi na rezista pia ziko upande huo. Magari mapya yenye kidhibiti cha kielektroni yapimwe kwa kufuata kitabu chake.

Plagi ikionekana imeungua au imeyeyuka, kazi haijakwisha kwa kuibadili. Moto huo una sababu. Mota iliyokuwa nzito kwa kutu na vumbi huvuta umeme kupita kiasi, ikaunguza rezista na plagi. Ukiweka rezista mpya na kuiacha mota hiyo, rezista mpya nayo itaungua.

Tahadhari moja haina mjadala. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, asitokee mtu wa kuweka fyuzi kubwa zaidi, au waya mtupu, ili safari iendelee. Fyuzi ni mlinzi wa lango. Ukimwondoa, waya ulio nyuma ya dashibodi ndio utakaoungua, na gari linaweza kuteketea pamoja na waliomo.

Na feni ikifa ukiwa njiani, ndugu dereva, punguza mwendo, fungua madirisha, simama mahali salama, ufute kioo. Kisha andika katika kitabu cha gari: saa, hali ya barabara, kasi ya feni, na kama mlio ulikoma. Maneno “feni mbovu” hayamsaidii fundi hata kidogo. Maandishi manne ya kweli yatamfikisha kwenye kosa kabla hajafungua hata skrubu moja, na askari watakaopanda gari hilo usiku wa kesho watarudi kambini salama.