Ufa wa Kulala Nao na Ufa wa Kuhama

Anayetoka Karatu mjini kupitia lango la Lodoare hupanda kutoka takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200. Mchana jua huchoma. Usiku, kule ukingoni, watu huvaa makoti. Zege halina koti. Boriti ya mita 10 ikipata tofauti ya nyuzi 20 za joto hurefuka au kufupika milimita 2 hivi, na ikiwa imebanwa pande zote mbili, baridi ikiingia hupasuka.

Mwenye nyumba akiuona ufa humpigia fundi simu kwa ukali. Mara nyingi anamwonea. Zege hustahimili sana kukandamizwa, lakini likivutwa nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu. Mvuto wa milimita 0.1 kwa kila mita hutosha kulipasua, na hapo nondo ndiyo kwanza inaamka: imebeba takriban sehemu ya kumi ya mzigo iliowekewa. Nondo iliyolala ndani ya boriti isiyo na ufa hata mmoja ni kibarua anayelipwa bila kushika koleo.

Kinachopungua ufa ukitokea ni ukakamavu, ule ubishi wa boriti au slabu kukataa kupinda. Seremala anaujua bila hesabu. Mbao ya mbili kwa sita ikilazwa hubonyea ukiikanyaga. Isimamishe ubavu, ukakamavu wake ni mara 9. Kimo ndicho kinachofanya kazi, na ufa hula kimo: upande wa chini ukishapasuka, mzigo hubaki kwa nondo na tabaka la zege la juu. Slabu nyembamba inaweza kubakiwa na theluthi tu ya ukakamavu wake wa awali. Hata hivyo, kati ya ufa na ufa zege bado limeikumbatia nondo na kuisaidia. Dan Branson, mhandisi wa Marekani, alitoa katika miaka ya 1960 kanuni ya kukadiria hali hiyo ya katikati, na bado inafundishwa vyuoni.

Hapa sasa fundi ana kesi ya kujibu. Akiongeza maji ili zege limwagike kirahisi, au akiliacha juani na upepo mkavu wa kiangazi bila kulimwagilia, nyufa za juu huja mapema. Akitoa mirunda kabla ya wakati, slabu changa hupasuka kwa uzito wake yenyewe, kisha hubonyea taratibu kwa miaka. Zege likikomaa baadaye haliungi tena pale lilipopasuka.

Ardhi nayo ina zamu yake. Tarehe 17 Julai 2007 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilitokea karibu na mlima Gelai, kaskazini mashariki mwa Ngorongoro, na huko Nairobi watu walikimbia nje ya maghorofa. Wiki chache baadaye volkano ya Ol Doinyo Lengai ililipuka. Jengo lenye nyufa huyumba taratibu zaidi na kwa upana zaidi kuliko jipya, ndiyo maana kanuni za Ulaya za matetemeko huruhusu mhandisi ahesabu nusu tu ya ukakamavu wa zege lisilopasuka.

Upana unaovumiliwa kwa kawaida ni milimita 0.3. Kadi ya benki ni nene mara mbili na zaidi ya hapo. Ikiingia kwenye ufa wa boriti, mhandisi aitwe. Aitwe pia ufa ukikata mshazari karibu na nguzo, au ukitoa madoa ya kutu. Ule mwembamba, wa wima, katikati ya boriti, unapakwa plasta kidogo juu yake na kuandikwa tarehe. Plasta ikikatika baada ya wiki kadhaa, ufa huo bado unatembea.