Acheni Kuulizia Staili

Wanaojifunza kuchora kwa rangi za maji wana swali ambalo sisi wakufunzi tumelijibu hadi makoo yamekauka: nichague staili gani ili kazi yangu itambulike? Kwa kawaida linaletwa pamoja na picha tatu zilizopigwa kwa simu, jahazi wakati wa machweo, chungu cha maua na sura ya bibi kizee, na ombi kwamba mtaalamu aseme ipi kati ya hizo ndiyo sauti ya mchoraji. Hakuna. Picha tatu hazisemi lolote kuhusu mkono uliozichora. Zinaonyesha tu mwenye mkono alifuata video zipi, na mara nyingi video zenyewe hutambulika kwa namna ukungu ulivyowekwa nyuma ya miti.

Kibaya zaidi ni dawa inayouzwa kwa watu wenye wasiwasi huu. Chagua somo moja, wanaambiwa, rangi tano na mbinu moja, urudie hivyo hivyo kwa miezi, na watu wataanza kukujua. Watakujua kweli, kama wanavyoijua nembo ya sabuni. Kinachotambulika hapo ni ganda, na ganda huigwa na yeyote mwenye brashi na jioni moja ya nafasi. Ikiwa somo linafuatwa hatua kwa hatua na maelfu ya watu, wote wakinyunyiza chumvi kwenye anga dakika ileile ili wapate nyota, basi nyota zile ni za mwalimu wa video. Mwanafunzi amepata picha ya kutundika ukutani, jambo ambalo halina ubaya wowote, lakini asidanganywe kwamba anajitafuta.

Ushahidi dhidi ya dawa hii upo tangu mwaka 1914. Aprili ya mwaka huo wachoraji Paul Klee na August Macke walikwenda Tunisia wakiwa na mwenzao Louis Moilliet. Klee na Macke walitembea miji ileile, chini ya jua lilelile, wakichora kwa rangi za maji, na wote wawili walikuwa wakimhusudu mchoraji Robert Delaunay wa Paris, kiasi kwamba Klee alikuwa ameshatafsiri insha yake kuhusu mwanga. Kama sauti ingetokana na somo, rangi na mbinu, wangerudi na kazi zinazofanana kama mapacha. Macke alirudi na masoko, punda na watu kwenye mikahawa, mwanga ukiwa mzito kama kitu cha kushikika. Klee alirudi na miji iliyovunjwavunjwa kuwa miraba, kuba hapa, ngamia pale, na karatasi tupu ikiachwa ionekane pembeni. Wapenzi wa hadithi husema rangi ilimshukia Klee kule Kairouan, Tunisia, kama radi. Wanasahau kwamba alikuwa na umri wa miaka 34, ameshachora kwa zaidi ya miaka kumi, na kwamba hadi anakufa mwaka 1940 alikuwa ameacha kazi zaidi ya 9,000. Baadhi ya hizo alizikata kwa mkasi zikiwa zimeshakamilika, akavigeuza vipande na kuvifanya kazi mpya. Mtu anayelinda staili yake hathubutu kufanya hivyo.

Ninachopendekeza badala ya dawa hiyo ni kucheza na rangi za maji. Kwa nini rangi za maji, na kwa nini mchezo? Jaribu hili. Lowesha karatasi, tandaza bluu ya ultramarini, subiri mpaka mng'ao wa maji uanze kufifia, halafu dondosha tone moja la maji safi. Tone linasukuma chembe za rangi kwenda nje, na zinakwama zikiunda ukingo wenye menomeno, huku nyingine zikizama kwenye vishimo vya karatasi na kubaki kama vumbi la bluu. Vitabu vingi huliita hilo kosa. Lakini tazama mtu anavyolipokea. Mmoja ananyakua tishu na kufuta. Mwingine anadondosha tone la pili ili lisikae peke yake. Wa tatu ameshaona ufuko na anatafuta rangi ya mchanga. Uamuzi huo umechukua sekunde chache, hakuna aliyewafundisha, na wakiwekewa madoa hamsini kila mmoja ataelekea kurudia aina yake ya jibu. Hapo ndipo mkono wa mtu unapojionyesha. Rangi za mafuta humpa mchoraji siku nzima ya kusita na kuomba ushauri. Karatasi iliyolowa haimsubiri, na kwa sababu karatasi moja haina thamani kubwa, hana sababu ya kujifanya mtu mwingine.

Watu makini hupinga wakisema kwamba mchezo huo ni uzembe uliopewa jina zuri. Ungekuwa uzembe kama mchezo usingekuwa na sheria. Alexander Cozens, mwalimu wa kuchora nchini Uingereza, alilalamika katika kitabu chake cha miaka ya 1780 kwamba kunakili kazi za wengine kunadhoofisha uwezo wa kubuni. Alitaka mwanafunzi ashike kichwani wazo la jumla la mandhari, apige madoa ya wino harakaharaka, kisha alaze juu yake karatasi inayopitisha mwanga na kuchagua doa lipi liwe mlima na lipi liwe mti. Uhuru upo kwenye kupiga, nidhamu ipo kwenye kuchagua. Mchoraji Georgia O'Keeffe naye, mwaka 1915 akiwa mwalimu South Carolina, aliweka rangi zote kando akabaki na mkaa; mwaka uliofuata alirudi kwenye rangi akianza na bluu. Alijibana kwa hiari ili aone kilicho chake.

Pingamizi la soko ni zito zaidi, maana kodi hailipwi kwa madoa. Ni kweli wanunuzi hupenda kazi wanayoitambua. Lakini hata staili inayojulikana kuliko zote hapa kwetu haikuchaguliwa kwenye orodha: Edward Saidi Tingatinga, mwishoni mwa miaka ya 1960 Dar es Salaam, alitumia hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli kwa sababu ndizo alizokuwa nazo, na mng'ao wa staili hiyo ukatoka humo. Waliofuata waliupokea mwonekano ukiwa tayari, na bado jicho zoefu huwatenganisha kwa jinsi kila mmoja anavyopanga madoa ya chui. Uza jahazi la machweo, tafadhali, ulipe ada za watoto. Ila usiliite sauti.

Haya, vitendo. Nunua karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, uikate vipande vinane. Rangi tatu zinatosha, za kiwango cha wanafunzi hazina neno: bluu, njano na hudhurungi. Brashi moja, kubwa kuliko unayoipenda. Kila kikao jiwekee sheria moja, mfano bila penseli, au bluu peke yake, au dakika tano kwa kipande. Usitupe kitu, usiweke mtandaoni, usimwonyeshe shemeji. Picha zikifika arobaini zitandaze sakafuni, uondoe zile unazoona zingemfurahisha mwalimu, na zinazobaki uzitazame zinakubaliana wapi: kingo ngumu au laini, nafasi tupu nyingi au chache, giza linaanzia wapi. Kinachojirudia bila kukusudia, kipe sheria yake kwenye kikao kinachofuata. Karatasi zikijikunja, zilowanishe kidogo mgongoni na uzilaze usiku kucha chini ya vitabu vizito.