‘Stool’ kwenye karatasi ya daktari si kigoda

MZAZI aliyempeleka mtoto kwa maumivu ya tumbo mara nyingi hutoka kwa daktari na kikaratasi cha maabara. Juu yake neno moja la Kiingereza: ‘stool’.

Aliyesoma Kiingereza cha skuli analikumbuka kwenye picha ya kitabu: kigoda. Kamusi ya simu nayo inaweza kumpa jibu hilo hilo. Kumbe daktari anataka choo kikubwa cha mtoto kipimwe.

Neno limefikaje huko? Zamani kwa Waingereza lilikuwa jina la kiti cha mtu mmoja. Kikaja kiti chenye tundu na chungu chini yake, cha kujisaidia ndani ya nyumba. Jina likahama kutoka kwenye kiti likaenda kwenye haja yenyewe, kisha kwenye kinachobaki chunguni. Tusiwacheke. Kwetu ‘choo’ ni chumba na ni kinyesi, na hapa Ole mbuzi mmoja anakula majani uani, mwingine anakuna nazi jikoni.

Ila mbuzi ya nazi haimcheleweshei mtoto matibabu. Mama anayeona haya kuuliza mbele ya foleni hurudi nyumbani na kikaratasi chake, siku ikapita. ‘Choo’ lina herufi nne, ‘stool’ tano. Sioni kinachomzuia mwandishi wa kikaratasi.

Kwa Pemba jambo hili si dogo. Minyoo ya tumbo, ikiwamo ya safura inayomaliza damu, hutafutwa kwenye choo kikubwa. Kichocho chetu, kile cha kukojoa damu, hutafutwa kwenye mkojo, ambao kikaratasi huuita ‘urine’. Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, inajulikana kwa utafiti wa maradhi yote mawili. Ukipeleka mkojo peke yake, mayai ya minyoo hayataonekana.

Basi uliza pale pale dirishani, “Choo au mkojo?”, na uombe kikopo chenye mfuniko. Choo kiwe cha asubuhi hiyo hiyo, kisichanganyike na mkojo wala maji. Mayai ya safura hayakawii kupotea kwenye kioo cha hadubini. Mkojo wa kupima kichocho uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi.