Minofu Dar, Mapanki Mwanza

*Mwenzi wako amenuna wiki nzima eti kwa sababu timu imeuza mshambuliaji. Kabla hujamcheka, soma kwanza. Huenda ana hoja.*

Dirisha la usajili likifunguliwa, kuna nyumba hapa Mwanza ambazo hazikaliki. Mzee mzima anarudi kutoka kibaruani, anakula matonge mawili ya ugali kwa sato, anasukuma sahani, anashika simu. Ukimuuliza kulikoni, anajibu "hamna kitu." Wewe moyo unakudunda. Unawaza kazi imeota nyasi, au kuna kimwana wa pembeni kamtumia meseji mbaya. Kumbe wapi! Ni beki wa kushoto. Ameuzwa.

Na tusiwasingizie wanaume peke yao. Siku hizi akina dada wa maofisini wanatinga jezi kila Ijumaa, na kwenye mabishano ya pale Rock City Mall ndio wenye sauti kubwa zaidi. Kuna kaka zetu wanaolala njaa kwa sababu mama mwenye nyumba kakasirishwa na kamati ya usajili.

Wengi wasio wapenzi wa soka wanadhani hasira hizi ni za kufungwa. Hapana. Shabiki wa kweli amezoea kufungwa, hasa wa kanda hii ya Ziwa. Kinachomuuma ni pale timu inapouza mchezaji mzuri, hela inaingia (au inasemekana imeingia), halafu msimu unaofuata anapangwa kijana ambaye hata jina lake mtangazaji halijui. Swali lake ni moja tu: ile hela imekwenda wapi?

Hebu tulilete nyumbani. Tuseme mmekubaliana kuuza kiwanja chenu cha Buswelu. Baba kapokea milioni zake. Miezi sita inapita, hakuna msingi uliochimbwa, hakuna ada iliyolipwa, hakuna bajaji iliyonunuliwa. Yupo mke ambaye hatauliza? Na akijibiwa "mambo ni mengi," atalala? Basi shabiki ndiye huyo mke. Kalipia kadi, kanunua jezi, kakaa juani Kirumba, na kila akiuliza anajibiwa kwamba mambo ni mengi.

Tunazaa, wengine wanalea

Mtu wa Mwanza haitaji kufundishwa jambo hili kwa chati. Anajua mapanki. Viwanda vya samaki vinamchukua sangara wetu, vinachuna minofu, minofu inapozwa na kupanda ndege kwenda Ulaya. Kinachorudi mtaani ni kichwa na mfupa wa mgongo, vinakaangwa, tunakula, na tunasema vitamu. Soka letu limeendeshwa hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka 30.

Chukua Pamba, wana TP Lindanda. Wazee wa Mabatini na Kirumba wakianza kuisimulia wanasahau chai mezani. Hii ilikuwa timu ya zao la pamba, wakati pamba ikiwa ni pesa kweli kweli Usukumani. Mwaka 1990 ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano, ikaziacha Simba na Yanga zinatazama. Ndani yake walipita watu kama Khalfan Ngassa, baba wa Mrisho, na George Masatu, Hussein Masha na Nteze John.

Sasa jiulize wengi wa hao waliishia wapi. Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 dhidi ya Stella Abidjan, damu ya Pamba ilikuwa ndani ya kikosi kile. Nchi nzima ilishangilia, kisha nchi nzima ikalia baada ya kile kipigo cha 2-0 jijini Dar. Lakini huku Ziwani kulikuwa na kilio kingine cha chini chini: wachezaji wetu wako fainali, sisi je? Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa watu binafsi, taasisi zilizokuwa zikiilisha timu zikayumba, na mwaka 2001 Pamba ikashuka daraja. Ilikaa nje ya Ligi Kuu kwa miaka 23. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alimaliza chuo kikuu hajaiona Pamba ikicheza ligi kubwa.

Toto African nayo ilikuwa na yake. Hiyo miaka yote ilibandikwa jina la tawi la Yanga, na ukweli ni kwamba hata jina lenyewe linakuonesha nani baba na nani mtoto. Ikashuka mwaka 2017, na mpaka leo ukiitaja kijiweni watu wanacheka kwa huzuni.

Mbao, penzi la msimu mmoja

Kama kuna timu iliyoivunja mioyo ya vijana wa umri wetu, basi ni Mbao FC. Timu ya wafanyabiashara wa mbao, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2016 baada ya timu kadhaa za kundi lake kuadhibiwa kwa kashfa ya upangaji matokeo. Wengi tuliwaita wasindikizaji. Basi bwana, wasindikizaji hao wakamchapa Yanga 1-0 pale CCM Kirumba katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, na mwezi uliofuata wakamchapa tena 1-0 palepale katika mechi ya mwisho ya ligi. Yanga walichukua ubingwa, lakini waliondoka Mwanza vichwa chini.

Mei 27, 2017 wakaenda fainali Dodoma kumkabili Simba. Walikuwa ndani ya dakika 30 za nyongeza, wamesawazisha, watu wameanza kuhesabu penalti. Kisha mwamuzi akatoa penalti, lakini kwa Simba, dakika za mwisho kabisa. Shiza Kichuya akafunga, ikawa 2-1. Mshindi alikuwa anakwenda kucheza Afrika. Kuna watu hapa mjini ukiwagusia penalti ile hadi leo mnaweza kukosana.

Kilichofuata ndicho kilichouma zaidi. Kabla jasho halijakauka, meli ilianza kupakua. Pius Buswita akaenda Yanga, na usajili wake ukazua kesi maana Simba nao walidai wamemsainisha. Jamal Mwambeleko na kipa Emmanuel Mseja wakaenda Simba. Benedict Haule na Salmin Hoza wakatua Azam. Mwaka uliofuata kocha Etienne Ndayiragije, yule Mrundi mtulivu, akahamia KMC, kisha Azam, na hatimaye akakabidhiwa Taifa Stars. Unaona uzito wa watu waliokuwa hapa? Kocha wa timu ya taifa alikuwa wetu!

Mwaka 2020 Mbao ikashuka baada ya kutolewa na Ihefu katika mechi za mchujo. Msimu huohuo Alliance, timu iliyozaliwa katika shule za Alliance hapahapa jijini, nayo ikashuka. Gwambina ya Misungwi ikapanda, ikakaa msimu mmoja, ikarudi ilikotoka. Jiji la pili kwa ukubwa nchini likabaki linasubiri Simba na Yanga waje kucheza ugenini kwa mwenyeji mwingine ndipo lione Ligi Kuu.

Hela yenyewe iko wapi?

Hapa tuwe wakweli, maana mashabiki wenzangu huwa tunapenda kusema viongozi wamekula, basi. Wakati mwingine hakuna kilicholiwa kwa sababu hakuna kilichoingia.

Klabu ndogo humpa kijana mkataba wa mwaka mmoja kwa kuwa haina uhakika wa mishahara ya mwaka wa pili. Kijana akifumania nyavu mara kumi, mkataba unakwisha Juni, anasaini Dar kama mchezaji huru. Yeye anapata fedha yake ya kusaini, wakala anapata chake, klabu iliyomwokota mchangani inapata picha ya kumbukumbu. Hiyo huwezi kuiita biashara ya kuuza. Ni sawa na kumpangisha mtu nyumba kwa maneno ya mdomo, halafu unashangaa kaondoka na milango.

Upande wa nje kuna haki ambazo klabu zetu nyingi huziacha zipite. FIFA inataka asilimia 5 ya fedha ya uhamisho wa kimataifa igawiwe kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25, na kila msimu wa 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Piga hesabu. Kijana amekaa kwenu misimu sita, tangu ana miaka 13 hadi 18. Akiuzwa nje kwa dola 400,000, stahili yenu ni asilimia 2.25, yaani dola 9,000. Hiyo ni zaidi ya Sh milioni 20. Kwa timu ya daraja la chini ni nauli na chakula cha safari nyingi sana! Lakini lazima iwepo rekodi rasmi ya usajili wake tangu utotoni. Na tena utaratibu huu haugusi kijana wa Kitanzania anayetoka Mwanza kwenda Dar. Hapo kinga yenu ni mkataba tu.

Wakubwa nao wana madonda yao. Januari 2013 Simba ilimuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Hela haikuja. Kesi ikafika FIFA, miaka ikakatika, na katikati ya songombingo hilo Okwi mwenyewe akaibukia Yanga! Mwanamke aliyewahi kumkopesha mtu gauni halafu akalikuta limevaliwa na hasimu wake harusini ndiye anaweza kuelewa walichohisi watu wa Msimbazi.

Agosti 2021 ikaja nyingine. Simba, bingwa mara nne mfululizo na imetoka robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikawaachia Luis Miquissone kwenda Al Ahly na Clatous Chama kwenda RS Berkane. Kusema kweli hawakukaa na hela mfukoni: walimleta Pape Ousmane Sakho, wakamleta Peter Banda na wengineo. Lakini ukiuza nguzo mbili kwa mpigo, mabati yatalia tu. Yanga ikatwaa ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mchezo, na haikuuachia hadi 2024/25. Mwaka 2023 Yanga nao walimuuza Fiston Mayele kwa Pyramids ya Misri, wakaendelea kubeba makombe. Ndiyo maana hasira ya shabiki wa Simba ni kali: kila akitazama ng'ambo ya pili anaona kwamba kumbe kuuza na kushinda vinawezekana.

Na ukitaka mfano usiohusu utani wa jadi, vuka mpaka uende Lubumbashi. TP Mazembe walimchukua Mbwana Samatta kutoka Simba mwaka 2011. Mwaka 2015 alikuwa bingwa wa Afrika pamoja nao, na mwanzoni mwa 2016 wakamuuza Genk ya Ubelgiji. Walimtumia miaka mitano, wakashinda naye, ndipo wakauza. Na wanachezea uwanja wao wenyewe. Kirumba yetu ni ya chama.

Sasa wewe na huyo aliyenuna

Usimwambie "si mpira tu." Sentensi hiyo imevunja mazungumzo mengi kuliko meseji za usiku. Mwache atoe la moyoni, hata kama humjui winga wala kiungo mkabaji. Baadaye ndipo mzungumzie yale yanayowahusu ninyi wawili, na hapo mbane: je, hasira zinaishia kibanda umiza au zinaendelea kwenye mikeka ya kubeti? Mtu aliyeudhiwa na timu huwa na tabia ya kutaka kurudisha heshima yake kwa elfu kumi kumi, na mwisho wa mwezi kodi ya nyumba inapwaya. Hilo si la klabu tena, ni la kwenu.

Halafu, kama mnaishi Mwanza, mnahusika zaidi ya mnavyodhani. Pamba ilirejea Ligi Kuu mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji, chini ya Halmashauri ya Jiji. Ilianza vibaya ile mbaya, ikamwondoa kocha Goran Kopunović, ikamkabidhi timu Fred Felix Minziro, na ikanusurika msimu wa 2024/25. Halmashauri inaishi kwa ushuru na tozo zetu. Kwa hiyo dada mwenye fremu Makoroboi, ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani, ana haki sawa na shabiki wa jukwaani kuuliza mchezaji kauzwa kwa kiasi gani na hela imeingia akaunti ipi. Diwani wa kata yako yupo, na baraza la madiwani hukutana. Mimi ningeanza na swali dogo kabisa: wachezaji wangapi wamebakiza zaidi ya mwaka mmoja kwenye mikataba yao?

Dirisha likifunguliwa tena, angalieni hilo pamoja kabla ya kubishana nani anamtaka mfungaji wenu. Na chakula chake kifunike kwenye hotpoti. Saa nne usiku atakitafuta.